Viti Viwili

Nimeinunua Al Khoud, Ijumaa baada ya sala,
riyali elfu na hamsini,
tulikoanza ni elfu na mia tatu.
Nyekundu iliyochoka kuwa nyekundu:
boneti imepauka
kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Milango miwili, viti viwili,
na mwaka wake wa kutoka kiwandani
ndio mwaka wangu wa kuachika.

Sikwenda kibubusa.
Nilivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho,
pale mkono wa mwoshaji usipofika,
maana gari iliyolala ndani ya wadi
hufuliwa zulia, hupigwa uturi,
lakini mkanda haujui uongo:
tope hubaki kule, mstari mwembamba, rangi ya chai.
Mkanda ulikuwa safi.
Nikapiga magoti kwenye changarawe, abaya na yote,
nikasoma tarehe ubavuni mwa tairi.
Meno mazima. Mpira una miaka tisa.
Jua la huku haliguguni meno, linakula ufizi.
"Punguza mia," nikamwambia.
Mundhir akacheka, akapunguza hamsini.

Kiswahili chake ni cha kuokota kwa bibi yake,
maneno ya jikoni tu: njoo, kula, moto, taratibu.
Anauza apate kuoa.
Baba mkwe, anasema, hataki mkwe
anayesikika kabla hajaonekana.

Dada yangu Thuraya akaizunguka mara mbili,
mkono kiunoni.
"Mtu na miaka yake hamsini na moja!
Na hicho kiti cha pili ni cha nani?"
Cha mkoba wangu.
Cha mkoba, na galoni la maji ya rejeta.

Kwani cha bei nafuu hununuliwa siku moja
na hulipwa kila mwezi.
Mwezi wa tatu pampu ya maji. Wa tano klachi.
Fundi Shaji, sanaiya ya Mabela,
sasa ananijua kwa mlio kabla sijakata kona;
huniwekea kiti cha plastiki mbele ya feni
na kunihesabia kwa vidole vya oili:
spea mpya, riyali themanini;
spea ya Sharja, iliyong'olewa kwenye gari iliyokufa,
ishirini na mbili.
Nachukua ya maiti.
Mshahara wa duka la dawa hauna themanini.

Mwezi wa saba, mlima wa Amerat, saa nane mchana,
joto arubaini na saba,
sindano ikaanza kupanda pamoja nasi.
Nikazima kiyoyozi, nikashusha vioo, nikawasha hita.
Hita, jamani, Julai!
ili injini inigawie homa yake.
Tulifika juu sote tumelowa,
mie jasho, yeye sijui nini,
kitu cha kijani kikidondoka barabarani.

Lakini njoo Januari,
barabara ya Quriyat kabla malori hayajaamka,
gia ya nne, milima imekaa kama watu waliofunga,
kona inakuja yenyewe mkononi,
na kiti cha pili kimenyamaza.
Hakuna wa kunambia polepole.
Miaka yote ile nilikuwa abiria.

Juzi usiku, simu. Mundhir.
Harusi imepita vyema. Mke mzima.
Sasa anaendesha gari nyeupe ya familia, haina kosa hata moja.
Kimya.
Kisha: "Naweza kuisikia?"

Nikashuka ghorofa tatu na kandambili,
nikaiwasha, nikailaza simu juu ya boneti.
Simu ikatetemeka, ikajisogeza
kidogo kidogo kuelekea ukingoni.
Nikaidaka.

"Gia ya tatu bado inabisha?"
"Inabisha."
"Usiilazimishe," akasema kwa Kiarabu,
halafu akapekua jikoni kwa bibi yake,
akalipata neno: "Taratibu."

Dirisha la jirani likafunguka.
Petroli ni yangu; nikaiacha ingurume kidogo zaidi.