Hesabu ya Ukutani

Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja, mbele na nyuma:
elfu kumi na mbili kila mwezi;
saba ni pango, huliwa zikasahauliwa,
tano ni nyumba, hukaa.
Miezi tisini na sita, kisha ufunguo haurudi.
Haikuandikwa boriti ikioza ni ya nani.

Ikaoza. Mwaka wa sita, boriti ya ukumbini,
ikawa inamwaga unga mwekundu juu ya kofia zangu,
kofia za watu, kila moja wiki tatu za sindano.
Nikaenda kwa Bwana Shekuwe, kule Mkomani.
"Boriti ni ya mwenye nyumba," nikasema.
"Kwani wewe si wanunua?" akanijibu.
Na wiki ile ile alikuwa ameingia kwangu bila hodi,
na fundi na futi, wapima mlango.
Nilipouliza alisema: "Nyumba ni yangu hata yeo."

Basi kwenye hodi mimi mpangaji,
kwenye boriti mimi mwenye nyumba.

Nikazuia kodi. Nilikosea, najua:
mwenye haki akifunga mkono
huonekana mwizi.
Ikaja barua ya wakili, ina muhuri, ina siku thelathini,
na chini yake hesabu:
umelipa miezi hamsini na minane.
Mimi nina sitini na mmoja.

Tukakutana hapa Langoni, kabla ya korti,
saa nne asubuhi, kila mtu na daftari lake,
na Twalib, karani wa wakili, kijana wa kikokotoo.
"Mali bila daftari..." akaanza.
Nikamwambia methali twaijua, soma tarehe.

Akasoma. Risiti na risiti, mwezi na mwezi,
punda wawili wa mchanga wakapita kichochoroni,
kahawa ikapoa.
Rajabu, Shaabani, Ramadhani, mwaka wa nne:
hapana risiti.
"Alipokea Mwana Barke," nikasema.
"Marehemu hakunipa kitu," akasema mumewe,
na uso wake haukuwa na uongo hata chembe.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana nilikuwa najua.
Mwana Barke alikuwa akija kuchukua kodi mwenyewe,
akiketi, akinywa maji ya birika,
kisha anaandika kwa penseli ndani ya kidaka,
kwa herufi za Kiarabu, ndogo kama sisimizi.
"Karatasi ina mchwa," alikuwa akisema.
Na ule mstari wa mwisho niliusoma
siku ile tuliyorudi mazikoni.
Nikauwekea bakuli la samawati, miaka miwili.
Siri ya maiti ni amana.
Na miezi yangu mitatu je?

Nikaondoa bakuli.

Bwana Shekuwe alisoma kwa kidole,
kulia kwenda kushoto, polepole.
Rajabu, kumi na mbili. Shaabani, kumi na mbili.
Ramadhani, mkono umeshaanza kutetema.
Na chini yake: *Hizi ni za dawa. Nitamwambia mwenyewe.*

Hakumwambia.
Twalib akataka kuuliza jambo, nikamkanyaga mguu.

"Andika sitini na mmoja," sauti ikasema,
sijui ilitokea wapi kifuani mwake.

Mengine yalikuwa mepesi, au tuliyachoka:
boriti nusu kwa nusu, na fundi tumchague sote;
kodi ikichelewa, siku kumi, bila kufuta zile tano;
mwenye nyumba apige hodi, aitikiwe.
Nikatoa ile niliyoizuia, akaihesabu mara mbili.
Tukatia saini. Twalib akanywa kahawa baridi.

Mlangoni aligeuka.
"Fundi akija, chokaa isifike pale."
Ukanijia ulimini: ukuta wa nani?
Nikaumeza.
"Haitafika," nikasema.

Tarehe tano ya mwezi uliofuata, hodi.
Akapokea, akaandika risiti, wala hakuondoka.
"Naweza kuingia kidogo?"
Ilibaki miezi thelathini na mitatu.
Nikasogeza bakuli.