Pasi Hiyo Ni ya Nani

Niliandikishwa jeshini kwa mguu wa kushoto.
Afande aliyeniona uwanjani Makongeni
hakunikagua meno, hakuomba cheti.
"Huyu beki. Mpeni namba."
Wakanipa mbili: ya bunduki, tarakimu sita,
na ya jezi, tatu.

Kambini Lang'ata asubuhi ilikuwa ya gwaride,
alasiri ya mpira. Buti zikivuliwa daluga zikivaliwa,
malengelenge yale yale.
Mbele yangu, ubavuni, alikimbia Koplo Guracha,
mwana wa Marsabit, mwembamba kama fito.
Hatukuitana. Niliupiga mpira mbele, kando ya chaki,
bila kuinua macho,
nao ulimkuta
kama deni linalomjua mwenyewe.

Mshahara uliingia tarehe ishirini na tano,
tushinde tusishinde.

Kisha likizo zikafutwa. Timu ikamegwa kama mkate:
mimi na kipa tukabaki na ligi,
yeye na wengine wanne wakapanda lori la mpakani.
Soksi zake zilikuwa kambani, zikitona maji.
"Usizianue," akasema, "nitazikuta."

Mwezi wa tatu jina lake likasomwa gwarideni
kwa sauti ile ile inayosomea zamu.
Mvua za Aprili zikaja.
Sikuzianua.

Nikaandika barua, nikaomba kutoka,
miezi saba tu kabla ya haki ya pensheni. Mama alilia.
Klabu ya mjini ikanipa mkataba wa kurasa tisa
na kalamu ya kutilia sahihi; kaa nayo, wakasema.
Kalamu ndiyo pekee iliyofika kwa wakati.
Mshahara ulikuwa "wiki ijayo, Andayi,"
na wiki ijayo ikazaa wiki ijayo,
hata mwenye nyumba wangu kule Jericho
akaijua ratiba ya ligi kuliko mtangazaji.

Na kila Jumamosi, Uwanja wa City, vumbi kooni,
niliupiga mpira mbele, kando ya chaki,
bila kuinua macho.
Ukatoka nje. Ukatoka tena.
Kocha akarusha chupa ya maji:
"Andayi! Pasi hiyo ni ya nani?"
Mashabiki wa upande wa jua wakacheka,
wakanibatiza Beki wa Mizimu,
wasijue wamepiga penyewe.

Vilabu vitatu. Msimu mmoja Mwanza, nusu msimu benchi.
Goti la kulia likaondoka kwanza,
la kushoto likalifuata kwa heshima.

Sasa nafunza watoto Kaloleni.
Chaki hatuna, tunachora kwa majivu ya mama muuza mahindi.
Juzi Akeyo, miaka kumi na mmoja, viatu vya shule,
akasimama ubavuni bila kuambiwa.
Mguu ukakumbuka kabla yangu:
mpira mbele, kando ya majivu.

Nikasikia hatua.
Sikutazama mara moja.