Karani

Aliacha kwanza sambaza, kisha maji.
Nikatoa miba, nikaponda, nikachemsha,
nikamnywesha kwa bomba la sindano:
tone, subiri, tone.
Kahambu akachungulia dirishani:
"Siku hizi paka anakeshewa?"

Anakeshewa.
Miaka kumi na saba alilinda unga wangu.
Mlima ulipowaka alikwenda Sake kichwani pangu,
ndani ya beseni, akilaani njia nzima.

Jumanne, kabla ya adhana, pumzi ilitoka
ikasahau kurudi.

Ndosho haichimbiki. Chini ni mlima ulioganda.
Mtaimbo wa kuazima ukatoa cheche tu.
Basi nikampangia mawe, jiwe kwa jiwe,
meusi kama mgongo wake.

Leo nimenunua sambaza.
Mkono, bila kuniuliza,
umetenga vichwa pembeni.