Jino Fupi

"Unakata kombo," Ombati akasema,
akiuteremsha begani msumeno wake wa petroli
kama anayemtua mtoto aliyelala.
Hapa Kamukunji neno halifiki sikioni likiwa zima:
kushoto wanafua karai, kulia wanakunja masanduku ya shule,
na nyundo hazijui koma.
Ikabidi anichoree hewani kwa kidole
mstari unaoanza wima, ukaishia Machakos.

Nilianza na yaliyo rahisi.
Kichujio cha hewa: vumbi la mbao limeganda kama ukoko.
Plagi: nyeusi, imelowa. Oili imezidi.
"Unachanganyaje?"
"Kwa jicho."
Jicho! Petroli lita tano, oili mililita mia;
chupa ya dawa ya kikohozi ikijaa ndiyo hiyo mia.
Nikampa moja tupu, bure.
Jicho libaki la kuangalia tawi linakoangukia.

Kisha nikaubana kwenye jiliwa,
nikaivuta cheni jino kwa jino,
na hapo ndipo nilipousoma.
Meno ya kulia yameliwa na tupa mpaka yamebaki vigutu,
vigutu vikali.
Ya kushoto marefu, butu,
hayajaguswa tangu mvua za mwaka jana.

Sikuuliza kuhusu msumeno.
Niliuliza, "Bega gani?"

Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa barua yake.
"Hili." La kushoto. Mkaratusi wa Loresho,
tawi lililoamua kurudi nyuma.
Alilala siku tatu. Ya nne akapanda mjakaranda wa watu wengine.
Ila mkono hauzunguki tena,
kwa hiyo kila jioni hunoa upande usiouma,
na ule unaouma huuambia: kesho.

Sheria ya cheni haina huruma, na si mimi niliyeitunga:
jino fupi kuliko yote ndilo kipimo.
Marefu hushuka kulifuata.
Hakuna tupa inayorefusha.

Sukuma mbele, inua, rudi mikono mitupu.
Hili mara tisa, lile kumi na moja,
lile lenye kutu kumi na saba,
vumbi la chuma likiganda kwenye jasho la kiganja,
Ombati akihesabu kwa midomo.

Kabureta ikangoja saa saba.
Saa saba Kamukunji hula, nyundo hulala kando ya githeri,
na kwa dakika ishirini hivi
mtu aweza kusikia injini inasema nini.
Nikavuta kamba. Ikakohoa.
Nikavuta. Ikashika.
Bisibisi nyembamba, skrubu, robo mzunguko,
halafu rudisha nusu ya hiyo robo.
Ikilia juu kama nyuki, petroli ni haba, inajichoma.
Ikiguguma, imelewa.
Nilitafuta pale katikati, penye mlio mnene,
kisha nikapunguza mwendo wa kupumzika
mpaka cheni ikasimama
na injini ikaendelea kupumua peke yake.

"Huwa haisimami," akasema.
"Nilidhani ndiyo bidii yake."

Tukaujaribu kwenye gogo.
Bapa likazama kwa uzito wake lenyewe,
likatema vipande vya mbao, si unga,
na kisahani kikaanguka, sawa pande zote.

"Sasa, ukinoa," nikamwambia, nikiilegeza jiliwa,
"usijipinde wewe. Geuza msumeno."
Nikaugeuza, nyuma mbele,
na yale meno ya kushoto yakaja yenyewe
upande wa mkono wake mzima.

Alinyamaza.
"Miezi minane," akaanza,
na nyundo ya kwanza ikaamka, ya pili ikaijibu,
mengine sikuyasikia.

Alilipa mia nane. Kile kisahani cha mti
akakipangusa kwa kiwiko, akakitia mkobani.
"Cha nini?" nikapayuka.
Akainua mkono, ule wa kushoto, mpaka unapokomea,
akachora hewani duara
na juu yake mvuke.