Tundu la Tano

Mashine ya kukuna nazi niliichora kwa chaki
sakafuni, Gerezani, paa likivuja.
Matundu manne yalitosha.
La tano liliniponyoka tu:
umeme ulirudi ghafla, keekee mkononi.

Mteja akapiga picha kwa simu, akanisifu, akaenda zake.

Miezi saba. Kontena lafunguliwa Narung'ombe,
mashine mia tatu zimevaa nailoni,
bei ya moja haifiki bei ya chuma changu.
Mwinjuma, shemeji yangu, kanunua mbili.

Naigeuza moja. Tundu la tano lipo,
limepigwa msasa, ukingo wang'aa;
kijitabu chasema ni la kupitisha hewa.

"Una ushahidi gani?" ananiuliza karani wa hataza
bila kuinua macho.
Ninao, dada.
Kosa langu.