Kwako Inafanya Kazi

Kwako inafanya kazi, Baltasar. Najua.
Kwako kioo ni kipana kama dirisha la duka la viatu,
intaneti haijawahi kukukatikia katikati ya neno,
na kivinjari chako kilijisasisha chenyewe jana usiku
ukiwa umelala chali.

Ila tovuti hii si yako.
Ni ya maduka matatu ya dawa ya mji wa Salto
yanayopokezana zamu ya usiku,
na Julai hii baridi ya mtoni inapenya hadi kwenye kucha.

Jumanne, saa nane usiku,
Doña Eufrasia Etchart alitafuta duka lililo wazi.
Mumewe alikuwa akipumua kwa mluzi.
Kishikwambi alirithi kwa mjukuu,
kinyume cha urithi, mjukuu alipokichoka.
Akafungua ukurasa wetu, akaona samawati.
Samawati tupu, ile uliyoichagua kwa siku mbili
ukitoka nje kuilinganisha na anga.
Kitufe cha kupiga simu kilikuwepo.
Kilikuwa nje ya kioo, upande wa kulia,
shubiri moja kutoka kidoleni mwake,
na ukurasa uliufunga usisogee kando
ili upendeze.

Akavaa koti la mumewe, akaenda kwa miguu
kutafuta msalaba wa kijani unaowaka.
Ulikuwa wa tatu.

Mzee yu hai, usinitazame hivyo.
Lakini Alhamisi mama yule alikuja hapa
na kishikwambi amekifunga kwa taulo kama mkate wa moto.
Hakugomba. Aliuliza tu:
"Mwanangu, nilibonyeza wapi vibaya?"

Keti. Pokea kibuyu, chai ni chungu, vuta taratibu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
basi leo tunavilalia vitanda vyote:
simu ya Nélida wa ghorofa ya chini, yenye ufa;
kompyuta ya shule ya binti yangu, imejaa stika za kasa;
ya marehemu baba, feni yake inalia kama nzi chupani;
na hiki cha Eufrasia, nilichoazimwa hadi Jumamosi
kwa rehani ya keki ya machungwa.

Bana dirisha. Libane tena,
mpaka maneno yaanze kukanyagana.
Kuza herufi mara mbili, kama mtu aliyesahau miwani kanisani.
Zima picha.
Kipanya kifungie kwenye droo, utembee kwa kibodi peke yake,
uone unavyopotea katika nyumba uliyoijenga mwenyewe.
Futa akiba ya kivinjari kila unaporekebisha,
maana kinaukumbuka ukurasa wa jana
na kitakudanganya kwa mapenzi tu.
Na usikiulize kivinjari jina lake!
Vyote hujitambulisha kwa majina ya wenzao.
Kiulize kazi: unajua kupanga safu?
Kikisema sijui, usikifukuze.
Kipe mstari mmoja ulionyooka, kitu chini ya kitu,
namba ya simu ikitangulia.

Umeona? Hapo, mstari wa mia na sita.
Upana uliuandika kwa namba kavu,
kama fundi aliyepima mlango kwa mwili wake.

(Alifuta namba. Aliandika asilimia.
Nje magari ya machungwa yalipita mara mbili
kabla hajainua kichwa.)

Haya, fungua kwa hiki cha mama.
Subiri. Kinawaza.
Samawati yako imetoka kijivu, fonti yako haikuja kabisa,
na kile kivuli ulichokipenda kimebaki huko huko kwako.
Acha.
Kitufe kiko katikati, kinene, kibaya wa sura, kinafikika.

Kibonyeze. Si kwa kalamu, kwa kidole gumba,
halafu jifanye unatetemeka.

Inaita.
Inaita kweli, Baltasar, hii si picha ya simu.
Huyo ni Wenceslao wa zamu, amesimama kati ya makabati,
anasema, "Duka la dawa. Nani anaumwa?"

Mjibu basi.
Mwambie hakuna. Mwambie tulikuwa tunajaribu.