Baki Moja

Kadutu haina mahali pa kuangusha kitu.
Nyumba yangu imekaa juu ya bega la Mama Nsimire,
yake juu ya bega la fundi Zihindula,
bati chini ya bati, hivyo hivyo,
mpaka huko chini ambako ziwa limekaa likipokea.
Ukikohoa juu, chini wanakujibu pole.
Na mimi, miaka hamsini na miwili,
mwalimu wa hesabu, darasa la nne,
nimechagua hapa hapa, ua wa hatua sita,
kujifunza kurusha marakuja matatu.

Aliyenitia katika mambo haya ni Nankafu,
miaka tisa, jedwali la saba bado linamkimbia.
Nilimkuta sokoni nyuma ya beseni la mama yake,
wateja hakuna,
mikono yake inazungumza peke yake:
matatu hewani, yale yale matatu,
na uso umetulia kama wa mtu anayesubiri maji yachemke.
Nilinunua kumi. Sikuomba punguzo.
Nikauliza kwa sauti ndogo
kama anayeuliza bei ya kitu asichokiweza:
Unafanyaje?

Moja kwanza, mwalimu.

Moja, jioni nzima. Kulia kwenda kushoto,
kimo cha paji la uso, basi.
Usiangalie mkono, mkono unajua uko wapi.
Angalia pale linapochoka kupanda.

Pale linapochoka kupanda.
Miaka ishirini na saba na chaki
sijawahi kumpa mtoto sentensi kama hiyo.

Mawili nilijaribu Jumanne.
Niliyatupa pamoja, kwa woga,
kama mtu anayetupa ushahidi.
Moja lilimpata jogoo.
La pili, ko, ko, ko, juu ya bati la Mama Nsimire,
likapumzika kidogo kwenye mfereji,
likaamua kuendelea na safari.
Akatoka, kitenge begani:
Mwalimu, mvua gani hii yenye mbegu?

Siku ya nne Nankafu alikuja kukagua.
Akasimama, mikono nyuma, kama mimi ninavyosimama.
Unadanganya, akasema.
Kulia kwako kunampa kushoto mkononi,
kama karani anayepitisha bahasha chini ya meza.
Usimpe. Mrushie. Naye arushe.
Akanipa mbili juu ya kumi.

Halafu matatu, na hesabu yangu ikagoma.
Tatu gawanya kwa mbili: moja, baki moja.
Nimeiandika ubaoni mara ngapi, hiyo baki,
pembeni, kwa herufi ndogo,
kitu kilichokosa mkono wa kukishika,
na sikuwahi kujiuliza inakaa wapi.
Inakaa juu.
Kila moja linapokea zamu yake ya kuwa baki
na hakuna linaloruhusiwa kubaki.

Hili nalijua sasa. Mikono yangu haijui.

Mke wangu Cibalonza, bila kusema neno,
ameshona vifuko vitatu, akavijaza maharage.
Haya hayabingiriki, alisema baadaye, akizima taa.
Basi usiku ninarusha juu ya godoro,
yeye amejikunja upande wa ukuta,
na asubuhi tunaokota maharage kwenye shuka,
kwa sababu kifuko kimoja
ameacha mshono wake mfupi. Sijui kama ni makusudi.

Lakini uani ninarudi na marakuja.
Nataka kitu kinachoweza kunitoroka.
Watoto wa Zihindula wanangoja chini na sufuria,
wanagombania yanayoshuka,
wamekwisha kunywa maji ya matunda wiki nzima kwa makosa yangu.

Leo: moja, mbili, tatu, nne,
jogoo kasimama mbali, ameshajifunza,
tano, na sikuona mkono, niliona tu
kitu cha zambarau kikichoka, kingine kikichoka,
sita, saba, jedwali lote la saba
lingeweza kupita hapo katikati bila kuguswa,

na kutoka chini ya bati, sauti ya Mama Nsimire:
Mwalimu! Hakijashuka kitu tangu saa tisa.
Unaumwa?